Umri wa Kinga Ukambani

Kinga dhidi ya ugonjwa wa kuambukiza hupatikana kwa kuugua na kupona, au kwa kuchanjwa. Muda wake hutegemea ugonjwa wenyewe: kuna kinga ya miezi, kuna ya miaka kumi, na kuna ile ambayo mtu huzikwa nayo. Katika Kitui na Makueni, kaunti mbili za ukame za Ukambani, mashariki mwa Kenya, suala hilo ni kongwe kuliko hospitali zilizopo, na wanaolikabili kwanza siku zote ni wale wanaomshika mgonjwa: zamani jamaa aliyeponea ndui, kisha dresa wa zahanati ya serikali na mtawa muuguzi wa hospitali ya misheni, na leo wauguzi na matabibu wa kaunti. Kila ugonjwa ulikuja na alama yake ya kinga. Ya ndui ilikuwa kovu, ya kala-azar kiuvimbe cha siku chache kwenye kigasha, ya homa ya ini na korona namba kwenye karatasi ya maabara. Alama hizo huonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na ugonjwa au chanjo yake. Mara nyingi zimesomwa kana kwamba zinataja pia siku ambayo ulinzi utakwisha.

Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wachukuzi wakubwa wa pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwishoni mwa 1849 alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara ambaye misafara yake ilijulikana hadi pwani, na akiwa huko ndipo alipouona Mlima Kenya. Njia za misafara zilikuwa pia njia za ndui. Pigo kubwa lilikuja mwishoni mwa karne hiyo, wakati wa ukame ambao Wakamba waliuita Yua ya Ngomanisye, kati ya 1898 na 1900. Reli kutoka Mombasa ilikuwa ikipita Kibwezi na Makindu miaka hiyo hiyo, nayo ikafika Nairobi mwaka 1899. Wenye njaa walihama makwao kutafuta chakula, na ndui ikasafiri nao.

Aliyepona ndui hakuugua tena, au aliugua kwa nadra mno. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zililijua hilo bila kufundishwa na daktari yeyote, na ujuzi huo ukagawa kazi: wenye makovu usoni ndio waliowapelekea wagonjwa maji na uji, na ndio waliozika. Hao ni wahudumu wa afya wa kale ambao sifa yao ya kuajirika, kama ingekuwapo ajira, ilikuwa kinga.

Chanjo ya ndui, iliyoanzia kwa Edward Jenner huko Uingereza mwaka 1796, ilifika Ukambani pamoja na serikali ya kikoloni na wamisheni. Jenner aliamini kwamba ingemlinda mtu maisha yake yote. Haikuwa hivyo. Kufikia miaka ya 1830 baadhi ya majeshi ya nchi za Kijerumani yalikuwa yameanza kuwachanja askari upya, kwa kuwa waliochanjwa utotoni walikuwa wakiugua ukubwani. Cheti cha kimataifa cha chanjo ya ndui kilikuja kuwekewa muda wa miaka 3, ingawa kinga dhidi ya kifo ilidumu mbele zaidi ya hapo. Kwa hiyo kovu la bega la dresa na mashimo ya uso wa mgonjwa aliyepona havikuwa na thamani moja: la kwanza lilihitaji kuhuishwa, la pili halikuhitaji.

Katika nyanda za joto kama Kibwezi na Mutomo kulikuwa na tatizo jingine lililotangulia hilo la muda. Chanjo ya majimaji iliharibika kwa siku chache tu kwenye joto. Mchanjaji angeweza kukwaruza mikono ya kijiji kizima kwa dawa iliyokwisha kufa, naye asijue mpaka arudi baada ya wiki moja kutazama kama malengelenge yametokea. Asiporudi, mkwaruzo uliacha kijikovu cha kawaida, na mwenye nacho akahesabiwa kuwa amekingwa. Wengi waliodhaniwa kwamba kinga yao imeisha huenda hawakuwahi kuwa nayo, na rejista za chanjo hazikuwa na safu ya kuwatenga. Tatizo hilo lilipungua sana baada ya Leslie Collier wa Lister Institute, London, kubuni katika miaka ya 1950 namna ya kukausha chanjo kwa baridi kali, ikawa inaweza kustahimili joto la mwili wa binadamu kwa mwezi mzima. Kampeni ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza 1967 ilitumia chanjo hiyo ya unga pamoja na sindano fupi yenye ncha mbili, ambayo mtu aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi.

Mwisho wa ndui duniani unawahusu watumishi wa hospitali kwa namna ya ajabu. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya asili, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia, na aliwahi hata kufanya kazi ya kuchanja watu, lakini mwenyewe hakuwa na chanjo iliyofaulu. Vipele vilimtoka tarehe 26 Oktoba 1977, naye akapona. Mwaka uliofuata, huko Birmingham, Uingereza, Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha tiba, aliambukizwa ndui katika jengo lililokuwa na maabara ya virusi hivyo, akafa Septemba 1978. Alikuwa amechanjwa mwaka 1966. Miaka 12 ilitosha. Tangazo kwamba Pembe ya Afrika imetakasika lilitolewa Nairobi tarehe 26 Oktoba 1979, na kuanzia hapo ndui ikatoka katika hesabu za wahudumu wa Kitui na Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa bado ikijumuisha Makueni.

Surua ilikuwa na tabia tofauti, na haihitaji maelezo marefu. Peter Panum, daktari wa Denmark aliyekwenda visiwa vya Faroe mwaka 1846, alikuta wazee waliougua surua mwaka 1781 hawaugui tena, ingawa ugonjwa haukuwa umeonekana visiwani kwa miaka 65. Kwa surua, basi, kinga ya aliyepona haikutiliwa shaka. Kilichosumbua Kenya ni kinga ya kuazima, ile ambayo mtoto mchanga huipata kwa mama yake. Ikiwapo, huiua chanjo. Ikiisha, mtoto hubaki wazi. Utafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa 1977, ulipima jinsi kingamwili hizo za mama zinavyopungua katika mwaka wa kwanza, na matokeo yake yalichangia kuwekwa kwa umri wa miezi 9 ambao akina mama wa miji ya Wote na Mwingi wanaujua kwa moyo. Mpango wa taifa wa chanjo, KEPI, ulianzishwa mwaka 1980.

Ugonjwa ulioipa Kitui nafasi yake katika historia ya elimu ya kinga ni kala-azar. Husababishwa na vijidudu vya leishmania vinavyopenyezwa mwilini na usubi, na huleta homa ya muda mrefu, kukonda na kuvimba wengu hadi tumbo kutuna. Asipotibiwa, mgonjwa karibu daima hufa. Mwaka 1940 na 1941 uliwapata askari wa King's African Rifles waliopigana kaskazini mwa ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo, Turkana leo. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi hilo, na maelezo yaliyokubalika na wengi ni kwamba waliorejea ndio walioufikisha nyumbani. Mwaka 1952 mlipuko ulitokea Tseikuru, kaskazini ya mbali ya Kitui, ukaenea katika wilaya kwa miaka iliyofuata, na wagonjwa wakahesabiwa kwa maelfu. Matibabu yalikuwa sindano za antimoni kila siku kwa wiki kadhaa, mzigo mkubwa kwa zahanati zenye dresa mmoja na kwa wagonjwa waliotembea kutwa nzima kuzifikia.

R. B. Heisch, wa idara ya serikali ya magonjwa yanayoenezwa na wadudu huko Nairobi, alichapisha maelezo ya mlipuko huo mwaka 1954. Wenzake walioendelea na kazi, hasa P. E. C. Manson-Bahr, B. A. Southgate na B. V. E. Oriedo, waliifanya Kitui kuwa mahali pa kujifunza ni nani huugua na nani haugui. Jibu la kwanza lilikuwa kwenye vichuguu. Jioni wanaume wa Kikamba hukusanyika kwenye thome, uwanja wao wa mazungumzo nje ya boma, na mara nyingi palikuwapo kichuguu kikongwe kilicholika, kizuri kwa kukalia. Ndani ya mashimo yake, penye unyevu na kivuli hata wakati wa kiangazi, ndimo usubi aitwaye Phlebotomus martini hupumzika na kuzaliana, naye hutoka jua likizama. Wagonjwa walipatikana zaidi katika nyumba zilizo karibu na vichuguu, na wa kiume waliwazidi wa kike.

Jibu la pili lilihusu kinga. Kipimo cha leishmanini, kilichobuniwa na Montenegro huko Brazili, ni rahisi: vijidudu vilivyouawa hudungwa ndani ya ngozi ya kigasha, na baada ya siku mbili au tatu mpimaji hupapasa kwa kidole. Kikitokea kiuvimbe kigumu cha milimita 5 au zaidi, mtu huhesabiwa kuwa mwili wake unavijua vijidudu hivyo. Cha kushangaza ni kwamba mgonjwa aliye hoi kwa kala-azar haoti kiuvimbe. Huota baada ya kupona, wiki au miezi kadhaa baadaye. Tena katika vijiji vya Kitui walikutwa watu wengi wenye kiuvimbe ambao hawakuwahi kuugua hata siku moja. Waliumwa na usubi, mwili ukamaliza kazi kimyakimya. Southgate na Manson-Bahr walihitimisha mwaka 1967 kwamba mwenye kipimo chanya hapati kala-azar. Katika makala ya mwaka huo huo Southgate na Oriedo walitumia kinga hiyo kueleza kwa nini ugonjwa unashika sehemu moja ya nchi na kuiruka nyingine ambayo nayo ina usubi.

Manson-Bahr alikuwa amekwenda mbali zaidi. Mwaka 1961 aliripoti majaribio ambamo watu walidungwa leishmania iliyotolewa kwa kindi wa ardhini wa kaskazini mwa Kenya. Walipata kinundu kwenye ngozi, kipimo chao kikageuka chanya, na baadaye walipodungwa vijidudu vilivyotoka kwa wagonjwa wa kala-azar hawakuugua. Kumdunga mtu vijidudu hai vya ugonjwa unaoua ni jambo ambalo kamati ya maadili ya leo ingelikataa kabla ya chai ya saa nne, na wazo hilo halikuzaa chanjo ya kutumika. Hadi sasa hakuna chanjo ya kala-azar iliyoidhinishwa kwa binadamu. Hata hivyo majaribio hayo yalionyesha kwamba kinga ya ugonjwa huu inaweza kupandwa, na kwamba haikai kwenye kingamwili bali kwenye chembe za damu zinazowinda vijidudu vilipojificha. Mgonjwa wa kala-azar ana kingamwili tele, na hazimsaidii.

Tofauti hiyo bado ina uzito kwa muuguzi wa Tseikuru au Kyuso. Kipimo cha haraka kinachotumika sasa kwa tone la damu hutafuta kingamwili, nazo hubaki kwa miaka baada ya mtu kupona. Aliyewahi kutibiwa akirudi na homa, kipimo chanya hakimwambii muuguzi kama ugonjwa umerudi au ni kumbukumbu tu. Na kinga iliyodhaniwa kuwa ya maisha ilikuja kupata doa katika miaka ya UKIMWI: virusi vya HIV vinapodhoofisha chembe zile zile zinazoshikilia leishmania, vijidudu vilivyolala kwa miaka huamka. Kinga ya kala-azar ni ndefu kwa kadiri mwenye nayo anavyobaki mzima.

Homa ya ini ya aina ya B ndiyo iliyowahusu wahudumu moja kwa moja, kwa kuwa huambukizwa kwa damu, na ajali yake ya kawaida ni sindano iliyotumika kumchoma anayeifunika. Ukambani ugonjwa huo una uzito wa pekee kwa sababu ya mahindi. Mwaka 1981 sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, iliwapata watu 20 katika eneo la Makueni na kuwaua 12. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, walihesabiwa wagonjwa 317 na vifo 125. Wachunguzi wa mwaka huo waligundua kwamba walioathirika walikuwa na virusi vya homa ya ini ya B mara nyingi zaidi kuliko majirani zao wasiougua. Aflatoksini na virusi hivyo vikikaa pamoja kwenye ini kwa miaka, hatari ya saratani huongezeka kupita ile ya kila kimoja peke yake.

Mtu mzima akiambukizwa virusi hivyo na kuvishinda, hukingwa maisha yake yote. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu mara 9 kati ya 10 hubaki navyo. Kenya iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto Novemba 2001, kwa hiyo muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo hana kinga ya chanjo hiyo mpaka achanjwe akiwa mwanafunzi au kazini: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu baada ya miezi 6. Kipimo cha damu kikifanywa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, kiwango cha 10 mIU/ml au zaidi huhesabiwa kuwa kinga. Baada ya miaka namba hiyo inaweza kushuka hata ikakaribia sifuri, na hapo wengi hudhani wamerudi walikoanza. Sivyo. Kumbukumbu ya chembe za kinga hubaki, na watu waliochanjwa wamefuatiliwa kwa miaka 30 wakiwa bado wamelindwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi dozi ya nyongeza kwa aliyekamilisha zote tatu. Asiyezikamilisha ndiye mwenye tatizo, na vyuo vya tiba vya KMTC vya Kitui, Makueni na Makindu vinafundisha vijana ambao watashika sindano kabla ya mwaka wao wa kwanza kuisha.

Covid-19 ilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Kitui ilikuwa na kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, huko Syongila, nacho kikaacha sare za shule kikashona barakoa. Vifaa vya kujikinga viliwapungukia wahudumu wa nchi nzima, na malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa wauguzi na matabibu Desemba 2020. Wakati huo wengi wao walikuwa wameambukizwa tayari bila kujua. Uchunguzi wa watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao, uliofanywa nusu ya pili ya 2020, ulikuta kingamwili za korona kwa asilimia 43.8 ya wahudumu wa Nairobi, 12.6 Busia na 11.5 Kilifi. Ukambani haukuwa katika uchunguzi huo. Kitui na Makueni, kaunti za vijijini zilizoshikana na Nairobi kwa matatu za kila saa, zina sura ya Busia na mlango wa Nairobi.

Chanjo ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, iliwasili Nairobi Machi 2021, na utoaji ulizinduliwa tarehe 5 mwezi huo katika Hospitali ya Kenyatta, ambapo Patrick Amoth, kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, alichanjwa wa kwanza. Wahudumu wa afya walitangulia, pamoja na walimu na askari. Chanjo hiyo ilihifadhika kwenye nyuzi 2 hadi 8, yaani kwenye friji zile zile za chanjo za watoto, hivyo hospitali za Wote, Makindu, Mwingi na Kitui hazikuhitaji mitambo mipya. Dozi ya pili ilipangwa baada ya wiki 8. India, iliyoitengeneza, ilipozuia chanjo kuuzwa nje ya nchi, Kenya ikasogeza muda hadi wiki 12. Uhaba huo, kwa bahati, ulifanya kazi nzuri: majaribio yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba nafasi ya wiki 12 huzaa kinga yenye nguvu kuliko ya chini ya wiki 6.

Kinga hiyo ilidumu muda gani? Jibu lililo wazi zaidi lilitoka kwa wahudumu wa hospitali za Uingereza. Utafiti wa SIREN uliwapima kila baada ya wiki mbili, wawe na dalili wasiwe nazo. Aliyewahi kuambukizwa alikuwa na upungufu wa asilimia 84 wa hatari ya kuambukizwa tena katika miezi kama 7. Kwa ambaye hakuwahi kuambukizwa na akachanjwa dozi mbili za Pfizer, ulinzi ulikuwa asilimia 85 katika miezi miwili ya kwanza, ukashuka hadi 51 baada ya miezi 6 hivi. Aliyeambukizwa kisha akachanjwa alibaki juu ya asilimia 90 hata baada ya mwaka mmoja na zaidi. Kwa lugha ya thome, kovu na chanjo pamoja viliishinda kila kimoja.

Takwimu hizo zilikusanywa kabla ya Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona. Kirusi hicho kilipoingia Kenya mwishoni mwa 2021, kipimo cha muda kilivurugika, kwa sababu sasa haikuwa kinga peke yake iliyokuwa ikibadilika bali na ugonjwa wenyewe. Huko Uingereza dozi mbili za AstraZeneca zilionekana kutozuia tena dalili za Omikroni baada ya wiki 20, ingawa ulinzi dhidi ya kulazwa na kufa ulidumu zaidi. Ndui haikuwahi kufanya hivyo, wala surua: virusi vya 1781 na vya 1846 vilikuwa vile vile machoni pa mwili. Kenya ilianza kutoa dozi za nyongeza karibu na mwanzo wa 2022, miezi 6 baada ya dozi ya mwisho, wakati ambapo wasiwasi wa watu ulikuwa umepoa na foleni zimefupika.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Katika mapendekezo yake ya mwishoni mwa mwaka huo, wahudumu wa mstari wa mbele waliwekwa katika kundi la kupewa dozi moja miezi 12 baada ya ile ya mwisho, bila kuulizwa ni mara ngapi wamekwisha kuugua.